Majibu Yako Mazuri, Mbona Bado Unaumwa?

Kila nikitoka kliniki watu wananiuliza majibu yanasemaje, na mi nawajibu ukweli, majibu mazuri. Prolaktini, homoni ya maziwa, imeshuka, uvimbe wangu wa kwenye tezi ya kichwani umepungua, figo ziko sawa, ini liko sawa, damu ipo ya kutosha. Wanamshukuru Mungu na mi namshukuru, alhamdulillah, afu siku ya pili yake wananikuta saa nne asubuhi bado nimelala na cherehani imefunikwa, ndo linakuja lile swali ambalo mpaka leo sina jibu lake. Sasa kama majibu mazuri, mbona bado unaumwa?

Nimeamua niandike kwa urefu manake nimechoka kueleza vipande vipande, leo kwa shangazi, kesho kwa mteja aliyekuja kufuata gauni lake, kesho kutwa kwa mtu nimekutana naye tu kwenye bajaji. Na najua siko peke yangu. Kuna mtu yuko Makorora sa hivi, au Pangani, au Korogwe huko, ana bahasha ya majibu mazuri kwenye mkoba na mwili wenyewe unamkatalia, na ameshaanza kujiuliza labda ni yeye tu anajiendekeza. Huyo ndo namwandikia.

Mi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani. Vijora, madera, sare za shughuli, za wanafunzi shule zikikaribia kufunguliwa. Msimu wa harusi ukifika huku Tanga fundi halali, wanawake wanakuja kumi kumi na kitambaa kimoja wote wanataka Ijumaa, na nilikuwa naweza, wallahi nilikuwa naweza, nakata mchana nashona usiku na asubuhi naamka mzima.

Mtu wa kwanza kushtuka hakuwa mimi wala daktari, alikuwa mama. Ramadhani ile nilifunga yote, mwanzo mpaka mwisho. Wanawake mnanielewa. Limeingia kumi la mwisho mama akaniita jikoni, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, akaniuliza bila kuniangalia usoni, "Mwanangu, mbona mwaka huu hujala hata siku moja?" Nkamwambia mama hata mi sielewi, miezi sasa sijaona kitu. Akaacha kukuna. Mi sijaolewa, nakaa kwa mama, sasa ukimwambia mama yako maneno hayo unajua kabisa kitakachopita kichwani kwake. Nkamwambia mama sina mimba, naapa. Hakunijibu, akamtuma mtoto duka la dawa akaleta kile kipimo cha mkojo, nikapima, mstari mmoja. Akakichukua kile kijiti akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku, akarudi akakaa akaendelea na nazi yake. Hatukuongea tena siku ile.

Afu yakaja maziwa.

Hili ni gumu kuandika lakini ntaliandika kwa sababu kuna dada atalisoma na atajijua. Hayakuwa mengi, matone tu, navua sidiria jioni nakuta doa, likikauka kitambaa kinakuwa kigumu kama kimetiwa wanga. Sina mtoto, sijawahi kuzaa. Nikawa naweka kipande cha pamba ndani, navaa dera la rangi nzito hata joto la Tanga likiwa la mwezi wa pili, na kwenye shughuli nakaa nyuma. Shangazi alipojua kitu cha kwanza aliniuliza kama nakunywa uwatu, manake uwatu huku ndo dawa ya mama aliyejifungua maziwa yakikataa. Sikuwa nakunywa. Na maneno yakatoka tu nje ya nyumba, sijui nani aliyatoa wala sitaki kujua, kwamba yule fundi alikuwa na mimba akaitoa. Nimepoteza wateja kwa maneno yale. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sijavikata.

Ukienda hospitali na malalamiko kama yangu unaweza ukazunguka sana. Nilikuwa na kichwa kinauma, kinagongea nyuma ya macho, na uchovu, na hizo siku zisizoonekana. Sehemu moja wakaniambia UTI, nikapewa antibayotiki. Sehemu nyingine taifodi. Malaria sihesabu, mseto nimeumeza na kipimo hakikuonyesha mdudu. Kwa macho nikaandikiwa miwani. Kuhusu maziwa niliambiwa inatokea tu, niache kubana bana, na kweli kubana kunachochea, lakini hakuna aliyeniuliza maziwa na hedhi kwa pamoja. Kila mtu alichukua kipande chake.

Aliyeviunganisha ni daktari mmoja kijana, mpole, alikuwa na foleni ndefu mlangoni na bado akaniuliza maswali ambayo nilikuwa sijawahi kuulizwa. Kuna dawa yoyote ya kuzuia kutapika unatumia? Dawa za akili? Una mtu wa karibu mwenye matatizo ya tezi? Ukitembea barabarani unagongana na watu waliotokea pembeni? Afu akakaa mbele yangu magoti yetu karibu yanagusana, akaniambia niangalie pua yake nisihamishe macho, akanyoosha mikono yote miwili pembeni kabisa akawa anachezesha kidole kimoja kimoja, huku, kule, juu, chini, nimwambie kikicheza. Niliviona vyote. Akasema vizuri, hiyo ni habari njema, sasa tupime prolaktini.

Hapo ndo nilianza kujifunza. Prolaktini ni homoni inayouambia mwili utengeneze maziwa, na inapokuwa juu inazima zile homoni za kuleta hedhi, ndo maana mama anayenyonyesha sana anaweza kukaa muda bila kuona siku zake. Kwa mwanamke asiye na mimba wala hanyonyeshi kawaida haizidi kama nanogramu 25 kwenye mililita ya damu. Yangu ilikuwa 164. Lakini alinieleza, na hili napenda watu walijue, prolaktini kupanda sio lazima iwe uvimbe. Mimba inapandisha. Tezi ya shingo ikilegea inapandisha. Metoklopramidi ile ya kutapika inapandisha, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hata mawazo na maumivu yanaweza kupandisha kidogo. Kwa hiyo vyote hivyo vikatolewa kwanza njiani, tezi ya shingo ikapimwa, mimba ikapimwa tena, ndo nikaandikiwa MRI ya kichwa, ile picha ya kupigwa kwa sumaku, Dar.

Tuliondoka na mamdogo na basi la alfajiri. Kutoka Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, na ukiwa na kichwa kinachouma kila tuta unalijua. Muheza wakapandisha machungwa dirishani, mamdogo akanunua, akanimenyea, sikuweza kula. Kipimo chenyewe unalala chali unaingizwa kwenye bomba jembamba, makelele mengi, usitikisike, na mi nilisoma kila sura ninayoijua kwa moyo mpaka zikaniishia nikaanza upya.

Majibu yalisema uvimbe wa milimita 7 kwenye tezi ya pituitari. Mamdogo alisikia "uvimbe" na "kichwani" akaanza kulia palepale kwenye kiti, na daktari, Mungu ampe afya, akaacha karatasi akaanza kumweleza yeye kwanza. Kwamba pituitari haiko ndani ya ubongo, iko chini yake, nyuma ya pua kwa ndani, kwenye kishimo cha mfupa. Ni ndogo, upana wake kama sentimita moja, uzito haufiki gramu moja. Kwamba uvimbe wa hapo karibu wote sio kansa. Kwamba wa chini ya milimita 10 unahesabiwa mdogo, na wangu haujafika kwenye mishipa ya macho inayopishana juu yake, ndo maana vidole vya yule daktari kijana niliviona vyote. Kwamba upasuaji upo, na unafanywa kupitia puani bila kufungua fuvu, lakini uvimbe unaotoa prolaktini mara nyingi unatulizwa kwa vidonge tu. Mamdogo akafuta machozi na mtandio akauliza, "Kwa hiyo hapasuliwi?" Akaambiwa hapana, kwa sasa hapana.

Watu wengi ukiwatajia tezi mkono unaenda shingoni, wanaume wanawaza tezi dume. Hii ya kichwani hawaijui, na hata mi nilikuwa siijui, wakati ndo inayoziamuru tezi nyingine nyingi mwilini. Inaituma tezi ya shingo ifanye kazi, inazituma zile mbili za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ya kuupa mwili nguvu za kuhimili shida, inatuma ovari, mifuko ya mayai ya mwanamke, inatuma homoni ya ukuaji, na nyuma yake inatoka homoni inayozuia usikojoe maji yote ya mwilini. Zamani sana Galen, yule tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliamini kazi yake ni kuchuja makamasi ya ubongo yatokee puani, na watu waliamini hivyo karne na karne.

Nikaanza vidonge hivyo, vinaitwa kabagolini, mara mbili kwa wiki. Kawaida ubongo wenyewe ndo unaozuia prolaktini kwa kutumia kemikali yake inayoitwa dopamini, sasa kabagolini inajifanya dopamini, inauambia uvimbe tulia. Usiku wa kwanza nilikoma. Kichefuchefu, nikisimama chumba kinazunguka. Nikafundishwa nimeze baada ya kula, nikimeza nalala hapohapo, nisikae kuangalia simu. Ilisaidia. Na dawa ilifanya kazi kweli kweli, hili sitaki mtu atoke hapa anafikiri naiponda. Maziwa yakakauka. Kichwa kikapungua. Afu asubuhi moja nikaona siku zangu, nikaenda kumwambia mama, mama akaingia ndani akaswali rakaa mbili. Prolaktini ikaja 12. Picha ya pili ya MRI ikaonyesha milimita 4. (Kwa mlioolewa, mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijaonekana, kwa hiyo mkianza dawa hii ongeeni na daktari mapema.)

Mtaani ikawa imeisha. Fundi kapona.

Sasa nieleze kisichoisha.

Asubuhi vidole havikunji. Nina mkasi wa kukatia, ule mkubwa wa chuma, ambao nimekata nao tangu najifunza kazi, naushika kidole gumba kinagoma kuingia kwenye tundu, sio kwamba kimevimba, ukiangalia mkono hauna kitu, lakini ndani kunawaka. Mpaka saa tano hivi ndo vinalegea. Magoti yanauma nikikanyaga pedeli muda mrefu. Uchovu wangu haufanani na ule wa kukesha na sare za watu, ule ukilala unatoka, huu naamka nao. Na kichwa, sio kuuma, ni uzito. Nampima mteja kifua, naisoma tepu, 96, nageuka kuandika kwenye daftari na namba imepotea. Nampima tena. Kuna wateja wanacheka, kuna wanaonyamaza, wanaonyamaza ndo wananiumiza zaidi. Halafu kizunguzungu, na jasho la ghafla usiku mpaka nabadilisha kanga.

Nilirudi kliniki nikasema yote. Na nikapimwa, sitasema sikupimwa. Tezi ya shingo, sawa. Kotisoli, ilichukuliwa saa mbili asubuhi kwa sababu asubuhi ndo inakuwa juu, na kama pituitari imeshindwa kuziamuru zile tezi za juu ya figo hapo ndo ingeonekana imelala, ikawa sawa. Homoni ya ukuaji nayo wakaiangalia kwa njia yake, wakaniuliza kama viatu vimeanza kubana, kama pete haiingii, manake ile ikizidi mtu mzima anakua mikono na miguu na viungo vinauma, nayo sawa. Sukari, sawa. Baridi yabisi, hamna. Picha nzima ya damu, nzuri. Nilikuwa natoka kila kipimo natamani, Mungu anisamehe, natamani kitokee kitu. Sio kwamba napenda ugonjwa. Kitu kikitokea kinatibiwa, kisipotokea unarudishwa nyumbani na kile kile ulichokuja nacho.

Afu ikaja ile sentensi. "Hii sio ya uvimbe wako." Faili likafungwa.

Nimeifikiria sana sentensi ile na nataka niseme ninachoamini. Inawezekana ni kweli. Sibishani na daktari kuhusu uvimbe, yeye kasoma. Hata niliwahi kuelezwa kwamba ukiwapiga picha watu wazima wasio na shida yoyote, kama mmoja kati ya kumi utamkuta na kauvimbe kadogo kwenye pituitari, anaishi nako mpaka anakufa na hajui. Kwa hiyo uvimbe kuwepo hautoshi kubeba kila maumivu ya mwili, nimelikubali hilo. Kinachonigomea ni pale "sio ya uvimbe" inapogeuka kuwa "hamna kitu". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kama sio ya uvimbe basi ni ya nini, kuna anayeitafuta? Mimi nina uvimbe, nina dawa kali naimeza kila wiki, na nina mwili ambao unaweza kuugua ugonjwa mwingine wowote kama mwili wa mtu yeyote. Ukishatoa cha kwanza bado viwili viko mezani. Lakini mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa wenye jina anapata shida hii, kila kitu kwanza kinatupiwa kule, na kule kukikutwa kuzuri hakuna pengine pa kuangalia.

Sehemu nyingine, sitaji wapi, niliambiwa ni mawazo, nikiolewa yataisha. Mama alikuwepo. Akasema "Haya dokta, ahsante" kwa adabu zake, tulipofika nje akasema hebu tusirudi hapa. Na mi sikatai mawazo. Mtu kapitia niliyoyapitia, kasingiziwa kutoa mimba, kaambiwa ana uvimbe kichwani, atakosaje mawazo? Sonona ni ugonjwa, unachosha mwili, unauma viungo, unatibika, na hata kabagolini yenyewe inaweza kumbadilisha mtu hali ya moyo. Kama mtu angekaa na mimi akaniuliza usingizi wako vipi, hamu ya kula vipi, unawaza kujidhuru, afu akasema nadhani ni sonona tuitibu, ningemsikiliza na ningemeza dawa yake. Lakini kuambiwa mawazo na mtu aliyekwisha kuita mgonjwa anayefuata, hiyo sio kupimwa.

Kitu kimoja kinanipa moyo nikikisoma. Prolaktini ya binadamu ilikuja kutenganishwa na homoni ya ukuaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapo ndo ikaweza kupimwa vizuri kwenye damu. Kabla ya hapo wanawake wa kutoka maziwa bila mtoto na hedhi kukata walikuwepo, madaktari waliwaona na kuwaandika kwenye vitabu tangu karne ya 19, lakini kipimo hakikuwepo. Fikiria mwanamke wa mwaka 1950, wa Tanga hii hii, amekaa na doa lake kwenye nguo, na kila anayempima anamwambia huna kitu. Alikuwa nacho. Na hata leo watafiti wameshaandika kwamba wagonjwa wengi wa uvimbe wa pituitari wanabaki na uchovu na ubora wa maisha kushuka hata baada ya homoni kurudi sawa, na kichwa kuuma hakuendi na ukubwa wa uvimbe, wa mdogo anaweza kuumwa kuliko wa mkubwa. Kwa nini, bado inatafutwa. Kwa hiyo mtu asiniambie sipo.

Nyumbani nako kuna maelezo yake. Huku kwetu msichana hajaolewa, hedhi zimekata, anatokwa jasho usiku, anachoka, jibu lipo tayari, jini mahaba. Nimesomewa. Nimekunywa kombe la zafarani, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, bibi aliniletea mwenyewe kwa mkono wake na nililinywa kwa imani yangu na mapenzi yake, na usiku ule nililala vizuri. Vidonge sikuacha. Mama alilisema hilo mbele ya wote, dua zitasomwa na dawa itamezwa. Ninachokiogopa mimi ni wale wanaomwambia mtu aache dawa za hospitali ndo waanze kumtibu. Uvimbe uliotulizwa na kidonge ukikiacha ghafla prolaktini inaweza ikarudi palepale, na kwa mwenye uvimbe mkubwa macho yako hatarini.

Kilichonisaidia mpaka sasa ni daftari. Ni lile lile la vipimo vya wateja, mbele kifua kiuno urefu, nyuma nikaanza kuandika mwili wangu. Saa niliyoamka, vidole vipoje, kizunguzungu kipo hakipo, nimemeza dawa lini, nimekula nini, mwezini au la. Sikuandika kwa ustadi wowote, mistari tu. Baada ya muda nikaanza kuona kwamba kizunguzungu kinakuja zaidi asubuhi inayofuata usiku wa dawa, siku za katikati kinapungua. Nikaenda nalo kliniki, sio bahasha, daftari. Nikamfungulia nurse aliyekuwa anapima presha, akalisoma kurasa mbili, akaniambia lala hapa. Akanipima nimelala, akanisimamisha akanipima tena. Presha ilishuka nikisimama. Akarudia, ikashuka tena. Akaenda kumwita daktari.

Kumbe kizunguzungu kina mwenyewe. Kabagolini inaweza kushusha presha mtu akisimama, imeandikwa hadi kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Walinipunguzia kipimo cha dawa, wakanigawia tofauti, nikaambiwa ninywe maji ya kutosha na nisiamke kwa kuruka, nikae kwanza ukingoni mwa kitanda. Sa hivi chumba hakizunguki. Vipimo vyote vile vya gharama, safari za Dar, na jibu la hiki kimoja lilitoka kwenye mashine ya presha tu, kwa sababu mtu alimpima mgonjwa akiwa amesimama.

Viungo bado. Uzito wa kichwa bado. Jasho limepungua, sijui kwa nini.

Kazi nimeipanga upya. Kukata nakata alasiri vidole vikiwa vimelegea, asubuhi nafanya vya mashine na kupiga pasi. Vipimo mteja ananisomea mwenyewe kwa sauti na binti ninayemfundisha anaandika, namba haipiti tena kichwani kwangu. Shughuli ya sare thelathini sichukui peke yangu, nagawana na fundi wa jirani, hela inapungua lakini nguo inatoka kwa wakati. Na kuna siku sifungui kabisa. Mama ameshaacha kuniuliza kama naumwa, anaangalia mkono wangu ninavyoshika kikombe cha chai asubuhi anajua, chai nyingine ananiwekea kwenye kikombe chenye mshikio mkubwa.

Kwa ndugu wa wagonjwa kama mimi, jamani, msiulize majibu tu. Ulizeni umeamkaje. Na kuna vitu ambavyo sio vya kusubiri tarehe ya kliniki, mtu mwenye uvimbe huu akipata kichwa kikali cha ghafla ambacho hajawahi kukipata, na kutapika, na macho kuona ukungu au vitu viwili viwili au kope kudondoka, huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo, manake uvimbe unaweza kuvuja damu kwa ndani. Mamdogo nimemwandikia hayo kwenye karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kliniki yangu inayofuata ina mambo yake. Nitaomba kipimo cha moyo cha altrasaundi, kwa sababu kabagolini ikitumika kwa dozi kubwa miaka mingi imeonekana kuharibu milango ya moyo, hasa kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wanaomeza nyingi sana, na dozi yangu ni ndogo lakini ni haki yangu kuangaliwa. Nitauliza habari ya kuacha dawa, ingawa najua jibu, wanasubiri angalau miaka miwili na uvimbe uwe hauonekani tena, na wangu bado unaonekana. Na swali la viungo nitaliuliza tena, kwa daktari yule yule aliyefunga faili, nikiwa na daftari mkononi, na kama atasema tena sio ya uvimbe nitamwomba kwa heshima zote aandike kwenye faili kwamba nimeuliza, na aniandikie niende kwa nani mwingine.